Herufi Mbili za Kuuliza Kabla ya Posa

Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi na ninajua tunachoulizana. Ukumbi upi, mpishi nani, pilau sahani ngapi, nani bado hajalipa ahadi yake. Wazee wetu nao walikuwa na maswali yao. Mshenga akishaondoka, ukoo ulijifungia ndani ukaanza kuchunguza: kule hakuna kifafa? Hakuna ukoma? Hakuna watoto wanaokufa wakiwa wadogo, mmoja baada ya mwingine? Hilo swali la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze. Wazee waliuona moshi, ila hawakujua moto unawaka wapi. Sisi leo tunajua. Unawaka kwenye herufi mbili ambazo maabara huziandika kwenye kikaratasi kidogo: AA, AS au SS.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 1983, tukiishi kando ya Ziwa Victoria. Alipofika miezi minane, viganja na nyayo vilimvimba kama maandazi. Alilia usiku kucha ukimgusa tu vidole. Mama alimkanda kwa maji ya moto, bibi akasema ni kijicho, jirani akaleta dawa ya kupaka. Macho yake yalikuwa ya manjano, tukazoea, tukadhani ndivyo alivyoumbwa. Alikufa akiwa na miaka minne, baada ya homa ya siku moja. Wakaandika malaria. Hakuna aliyewahi kupima damu yake kwa ajili ya selimundu, ugonjwa wa damu unaoitwa pia sikoseli, na hakuna aliyetuambia kwamba kuna cha kupima. Mama ndiye aliyebebeshwa mzigo: ana damu mbaya, amekiuka miiko, kwao kuna jambo. Aliubeba hadi kaburini.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika kwa uzito. Wataalamu hukadiria kwamba Tanzania peke yake huzaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi tano zenye watoto wengi zaidi wa aina hiyo duniani. Uganda, Kenya na Kongo nazo zimo ndani ya ukanda huohuo. Pale ambapo hakuna kipimo wala kliniki, zaidi ya nusu ya watoto hawa hukadiriwa kufa kabla ya kufikisha miaka mitano, wengi bila jina la ugonjwa wao kujulikana.

Jina selimundu limebeba neno mundu. Unaujua, ni kile chombo kilichopinda cha kuvunia mpunga. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni ya mviringo na laini, hujikunja ikapenya kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Kwa mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu, himoglobini iliyomo ndani ya chembe ikishatoa oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nzima hupinda kama mundu. Zikikwama pamoja, mshipa huziba, na sehemu iliyokosa damu huuma. Ndiyo maumivu yale ya mifupa ambayo watu huyaita baridi yabisi. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu siku zote, na macho huwa ya manjano kwa sababu ya mabaki ya chembe zilizovunjika. Yote hayo chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika, kati ya zaidi ya bilioni 3 zinazounda maandishi ya vinasaba vya binadamu. Moja tu, kwenye jeni inayotengeneza himoglobini. Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha mwaka 1956 kwamba tofauti kati ya himoglobini ya kawaida na ya selimundu ni kiungo kimoja tu cha protini. Tangu hapo sayansi haijabahatisha chanzo cha ugonjwa huu. Kilichochelewa ni habari kutufikia.

Kuna sababu herufi S, alama ya jeni hiyo iliyobadilika, imejaa kwetu, na inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1949 kijana mmoja, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta S nyingi, nyanda za juu zenye baridi akakuta chache mno. Pale penye mbu wengi, S ilikuwa nyingi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mwenye AS, aliyerithi S moja tu, ana kinga dhidi ya malaria, na tafiti zilizofuata, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa watoto kwa kiasi cha asilimia 90. Herufi hii ilibaki kwetu kwa sababu iliwaokoa babu zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliosoma vinasaba vyote vya watu wengi, ulifuatilia S hadi kwa mtu mmoja aliyeishi miaka takriban 7,300 iliyopita. Anayekuambia ukoo wako umelaaniwa, mwambie hayo.

Ila hapa pana kosa linaloua watoto, na naomba ulisome mara mbili. Kinga ya malaria ni ya AS. Mwenye SS akipata malaria anaweza kufa upesi kuliko mtoto mwingine yeyote nyumbani. Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema mtoto wa sikoseli haugui malaria. Si kweli. Mtoto wa SS ndiye wa kwanza kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na kliniki nyingi humpa pia dawa ya kuzuia malaria ya kunywa mara kwa mara.

Hesabu yake ni hii. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye AS ana nakala moja ya kawaida na moja yenye S. Si mgonjwa, huishi maisha yake kama wengine, na wengi hufa wazee bila kujua. Wawili wenye AS wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto wa SS, mbili kati ya nne za AS, na moja kati ya nne ya AA. Neno la kushika ni kila mimba. Kuna wazazi wanaosema, tumeshapata mgonjwa mmoja, basi watatu wanaofuata ni salama. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyopita. Nimeijua nyumba yenye watoto watatu, wote SS, na nyingine yenye sita bila mgonjwa hata mmoja, ilhali wazazi wa nyumba zote mbili ni AS kwa AS.

Usilichukulie hili kama jambo la watu wachache. Watoto wachanga walipopimwa kaskazini magharibi mwa Tanzania, takriban mmoja kati ya watano alikuwa AS. Uganda ilipopima watoto kutoka nchi nzima, matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha AS asilimia 13.3 kwa wastani. Kwa hiyo kwenye basi dogo la abiria 30 linalotoka Mwanza, huenda watano au sita wamebeba S na hawana habari.

Sasa kwenye kupima. Jambo la kwanza, usichanganye herufi hizi na kundi la damu. Kila nikizungumza kwenye vikundi vya kina mama, yupo mmoja atakayeniambia, mimi najijua, ni A. Hilo ni kundi la damu, lile linaloangaliwa kabla ya kuongezewa damu, na halikuambii lolote kuhusu selimundu. Mtu wa kundi O anaweza kuwa SS, na wa kundi A anaweza kuwa AA.

Jambo la pili, uliza ni kipimo gani unachofanyiwa. Maabara nyingi ndogo zina kipimo cha bei nafuu kinachoonyesha tu kama damu ina S au haina. Jibu huja chanya au hasi. Chanya haikuambii kama wewe ni AS au SS, na kwa mtoto mchanga kipimo hicho kinaweza kutoka hasi hali mtoto ni mgonjwa, kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni, ile aliyokuwa nayo kabla ya kuzaliwa. Unachotaka ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini na kukupa herufi zote mbili. Elektroforesi hufanya hivyo, na siku hizi viko vipimo vya haraka vya tone la damu, vinavyosomwa kwenye kijiti kama kile cha mimba. Sema hivi dirishani: nataka kujua kama ni AA, AS au SS. Wakikuambia hawawezi, uliza ni wapi wanaweza. Na kama uliongezewa damu miezi mitatu iliyopita au chini ya hapo, waambie, maana utakuwa unapimwa damu yako ikiwa imechanganyika na ya mwingine.

Jibu likitoka, liandike kwenye daftari la nyumbani, lipige picha, na uliweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Vinasaba havibadiliki. Kipimo kizuri kimoja kinakutosha maisha yako yote.

Kuna jambo chungu ambalo lazima niliseme. Mtoto hupatikana na SS, baba hukimbilia maabara ya mtaani kupima, hutoka hasi, hurudi nyumbani akisema mtoto si wake. Ndoa zimevunjika hivyo. Baba, kabla hujafungua kinywa, rudia kipimo mahali penye mashine nzuri. Kile kipimo rahisi hukosea. Ipo pia kasoro nyingine ya jeni iitwayo thalasemia, ambayo baba anaweza kuibeba bila S yoyote, na ikikutana na S ya mama mtoto huugua ugonjwa unaoweza kufanana kabisa na SS. Swali la nani ni baba wa mtoto lina kipimo chake, na nchini Tanzania kina sheria yake ya mwaka 2009 na msimamizi wake, Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo cha selimundu hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na kwa mawifi na mama wakwe: mtoto wa SS amepokea S kutoka pande zote mbili. Hakuna upande wa kulaumu, na hata ungekuwepo, hakuna anayejichagulia jeni.

Binti wa dada yangu alikuja kwangu mwaka 2018, wiki tatu kabla ya mahari kupelekwa. Alikuwa na karatasi mbili mkononi, yake na ya mchumba wake. AS na AS. Alikaa jikoni akalia kwanza, halafu akaniuliza, "Mama mdogo, nimwache?"

Nilimwambia ninachomwambia kila anayeniuliza. Siwezi kumwambia mtu amwache au amchukue nani. Nitakachofanya ni kuhakikisha anayajua yote kabla hajaamua. Yapo mambo manne au matano ambayo wawili wenye AS wanaweza kufanya, na yote ni ya watu wenye akili timamu. Wapo wanaoachana mapema, kabla roho hazijashikana sana, na hawana dhambi. Wapo wanaooana wakakubaliana idadi ndogo ya watoto, wakaiheshimu. Wapo wanaolea watoto wa ndugu. Wenye uwezo mkubwa wa fedha, nchi za nje, hupima kiinitete kabla hakijapandikizwa tumboni. Na wapo, ndio wengi kwetu, wanaooana na kuamua kwamba kila mtoto atakayezaliwa atapimwa siku za mwanzo kabisa na atapewa matunzo kamili kama ni SS. Wasichopaswa kufanya ni kuificha karatasi droo ya chini na kuomba Mungu. Ombeni, mimi pia ninaomba, lakini mkiwa mmeshapima.

Ndugu zetu wa Ghuba wamelifanya jambo hili kuwa la serikali. Saudi Arabia, ambako S ni nyingi hasa upande wa mashariki, tangu 2004 huwataka wachumba wote wapimwe selimundu na thalasemia kabla ya ndoa. Wanapewa jibu na ushauri, na uamuzi unabaki kuwa wao. Napenda sehemu hiyo ya mwisho. Sipendi mtindo ambao nimeanza kuusikia wa baadhi ya viongozi wa dini kukataa kuwafungisha ndoa wenye AS. Ukiwakataza, wa pili watakuja na karatasi ya kughushi, na hapo tutakuwa tumepoteza ukweli wenyewe tulioutaka. Pendekezo langu kwa makanisa na misikiti ni kwamba kipimo kiingie kwenye mafundisho ya ndoa mwezi wa kwanza kabisa, kadi za mchango zikiwa bado hazijachapishwa. Afadhali zaidi, vijana wapimwe wakiwa sekondari, kabla hawajapenda mtu.

Mtoto akizaliwa, tone la damu ya kisigino linatosha. Ndiyo hatua ambayo imeokoa watoto wengi kuliko uvumbuzi wowote mkubwa wa vinasaba unaosikia redioni. Mtoto wa SS haonyeshi dalili miezi ya mwanzo, kwa sababu himoglobini ya tumboni bado inamlinda. Kinga hiyo ikishuka, kuanzia kama mwezi wa sita, maumivu na maambukizi huanza. Ile miezi mitulivu ndiyo nafasi yako. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku hupunguza maambukizi hatari ya damu kwa watoto hawa kwa asilimia 84. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Hunywewa asubuhi na jioni, kuanzia miezi miwili au mitatu hadi miaka mitano. Lakini huwezi kumpa mtoto ambaye hujui kwamba anaihitaji. Ukiwa mjamzito, kwenye kliniki ya mama na mtoto, uliza kama wanapima watoto wachanga selimundu. Wakisema hapana, peleka mtoto mwenyewe hospitali ya rufaa kabla hajafika miezi sita.

Chanjo zote za kawaida azipate, hasa ile ya nimonia, ambayo imo kwenye ratiba ya Tanzania tangu 2013.

Halafu jifunze bandama. Iko chini ya mbavu za kushoto. Kwa mtoto wa SS inaweza kuvimba ghafla ikafyonza damu nyingi ndani ya saa chache, mtoto akapauka midomo na kulegea kama kitambaa kilicholowa. Muuguzi akuonyeshe mara moja namna ya kuishika. Mlaze mtoto chali asubuhi akiwa ametulia, magoti yakiwa yamekunjwa. Vidole vyako vianzie chini karibu na kitovu, vipande pole pole kuelekea mbavu za kushoto, vikibonyeza kwa upole. Ukigusa ukingo mgumu, pima kwa upana wa vidole umetoka mbavuni kiasi gani, uandike. Jana vidole viwili, leo vinne, basi usisubiri kuche. Wazazi wa vijijini wasiojua kusoma wamefundishwa jambo hili wakaliweza, kwa hiyo nawe unaliweza.

Homa ikifika nyuzi 38, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama mtoto anacheza. Nunua kipimajoto ukae nacho nyumbani. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakigongana, hicho ni kiharusi, na ndiyo, watoto wa SS hupata kiharusi. Kifua kikibana na kupumua kukiwa kwa shida, ni dharura vilevile. Kwa wavulana kuna jambo wanalolificha kwa aibu: uume kusimama kwa maumivu bila kutaka, saa nyingi. Baba au mjomba amwambie mtoto mapema kwamba hilo ni sehemu ya ugonjwa, na likizidi saa mbili aseme, apelekwe hospitali. Likiachwa linaharibu uanaume wake.

Maji ni dawa. Mtoto atembee na chupa, na mwalimu apewe barua ya kumruhusu kunywa darasani na kwenda chooni kila anapohitaji, maana figo zake hupitisha maji mengi. Asipigwe kwa kukojoa kitandani. Avae sweta kukiwa na baridi, asisimamishwe juani mchana kwa adhabu. Na akisema anaumwa, aaminiwe. Hili nawaambia pia wauguzi wetu. Maumivu ya selimundu hayana jeraha la kuonyesha, na watu wazima wengi wenye ugonjwa huu wamewahi kuambiwa wodini kwamba wamekuja kutafuta dawa za kulevya.

Sasa dawa ambayo naitaka kila nyumba yenye mgonjwa iijue kwa jina: haidroksiurea. Huamsha ile himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi, irudi kwenye damu. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuitumia Afrika, wakihofia kwamba ingeongeza malaria na maambukizi. Hofu hiyo ilijibiwa na utafiti ulioitwa REACH, uliofanywa Mbale Uganda, Kilifi Kenya, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikapungua kwa takriban nusu, haja ya kuongezewa damu ikashuka kwa theluthi mbili, na vifo vikapungua kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Niliposoma takwimu hizo niliweka gazeti chini nikamfikiria mdogo wangu.

Haidroksiurea hunywewa kila siku, kwa kipimo kinachotokana na uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe uzito kila anapohudhuria. Chembe za damu nazo hupimwa mara kwa mara, kwa sababu dawa ikizidi hushusha chembe nyeupe. Usimgawie ndugu yake. Usiikatishe mtoto akipata nafuu, maana nafuu ndiyo kazi yake. Mwanamke anayetaka mimba, na mwanamume anayetaka kuzaa, azungumze na daktari wake kabla. Na uliza mapema kama bima yako inailipia, ili ujue cha kujipangia.

Vipi kuhusu kupona kabisa? Naulizwa kila mara, tangu habari za kuhariri jeni zilipoenea. Ni za kweli. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipata Nobeli mwaka 2020 kwa chombo cha kukata vinasaba kiitwacho CRISPR. Mwaka 2019 mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, alikuwa Mmarekani wa kwanza kutibiwa selimundu kwa njia hiyo. Huchukuliwa seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe, hukatwa mahali panapozuia himoglobini ya tumboni, kisha hurudishwa mwilini. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila maumivu makali. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Na kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali inayofuta uloto wake wote, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na inayoweza kumfanya asizae tena. Ukiwa na ndugu mwenye SS anayeishi London au Chicago, mwambie aulize. Kwa mtoto aliyeko Geita au Kilifi, leo, hiyo si njia, na yeyote anayekuuzia chupa ya mizizi akisema inabadilisha jeni anakuibia.

Kilicho karibu zaidi ni kupandikizwa uloto kutoka kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelingana naye. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kuwafanyia watoto wenye selimundu. Si kila mtoto ana ndugu anayelingana, na matibabu yenyewe yana hatari zake, ila ni swali halali la kumuuliza daktari kliniki. Halafu wapo watafiti wetu. Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa tangu 2004, zaidi ya 5,000, katika kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Mtoto wako akiombwa kushiriki utafiti, uliza damu yake itahifadhiwa wapi, nani ataiona, na kama unaweza kujitoa. Ukiridhika, kubali. Haidroksiurea isingefika kwetu kama wazazi wa Mbale na Kilifi wangekataa.

Siri ya jibu ni ya mwenye jibu. Mwajiri hana haki ya kulidai ili akupe kazi, na usilibandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila ruhusa ya mhusika. Sheria ya Tanzania ya 2022 ya kulinda taarifa binafsi imeziweka taarifa za vinasaba na afya kwenye kundi la zile nyeti. Ndugu mlio Marekani mnaotemea mate kwenye vichupa kutafuta asili yenu, kumbukeni kampuni ya 23andMe iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025 ikiwa na vinasaba vya mamilioni ya watu mkononi. Kabla ya kutuma mate, fahamu kwamba unatuma pia ya mama yako na watoto wako.

Yule binti wa dada yangu hakumwacha mchumba wake. Mahari ilipelekwa, wakaoana, na waliwaambia wazazi wa pande zote mbili kuhusu herufi zao, wameketi sebuleni, karatasi mezani. Mwaka 2020 walipata mtoto wa kike. Alitobolewa kisigino siku ya tatu. Jibu lilikuwa SS.

Nilienda kwao mwezi uliopita. Asubuhi kabla ya shule alilazwa chali kwenye mkeka, magoti juu, mama yake akapitisha vidole tumboni huku mtoto akicheka kwa kutekenywa. Akaandika kwenye daftari la mistari lenye jalada lililochakaa: tarehe, vidole viwili, hakuna homa. Kisha akampa dawa yake na kikombe kizima cha maji, akakikagua kama kimekwisha. Daftari hilo ni la tatu. Mawili ya mwanzo yamejaa, yako juu ya kabati, pamoja na cheti chake cha kumaliza chekechea.